Kumtafutia Mama Mkwe Samaki

Kazi ya fundi dishi ni kazi ya kupiga kelele. Watu wanadhani ni kazi ya kupanda paa, wengine wanadhani ni kazi ya akili, lakini mimi niliyeifanya Nachingwea kwa miaka mingi najua kwamba nusu yake ni koo. Fundi yuko juu, bati linamchoma magoti, ameshika dishi kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba lazima awepo mtu anayetazama televisheni. Fundi anauliza, "Imekuja?" Wa ndani anajibu, "Bado." Fundi anasogeza kidogo sana, anauliza tena, "Sasa?" Anaambiwa ilikuja, imepotea. Mpaka picha itulie, mtaa mzima umeshajua nani kanunua king'amuzi.

Mtu wangu wa ndani alikuwa mke wangu. Wateja hawafai kwa kazi hiyo. Mteja akiona picha inatokea anasahau kujibu, anajikalia kwenye kochi kutazama mpira huku wewe unaiva. Mke wangu hakuwa na ugonjwa huo. Alisimama mbele ya televisheni amekunja mikono, na "imekuja" yake ilikuwa fupi na ya uhakika. Ukiisikia unakaza nati bila wasiwasi. Shida ni kwamba naye alikuwa na cherehani yake na wateja wake, na kila nilipomwita aliacha gauni la mtu limekaa nusu mezani. Akaanza kuniambia nitafute mtu mwingine. Mimi nikaona nitafute mashine.

Msimu huo, ufuta ulipokwisha kuuzwa, mji ulijaa wauza vitu. Mmoja wao aliuza mitumba ya umeme kutoka Ulaya. Alitandaza turubai karibu na soko akapanga pasi, redio za magari na feni zisizo na panga, na katikati yake akaweka vidude vitatu vyenye skrini. Nilichuchumaa. Fundi anayejiheshimu hachagui kitu akiwa amesimama. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kinatoa namba tupu bila picha, nikakisogeza pembeni. Cha pili kilikuwa na skrini pana lakini ina ufa, na skrini yenye ufa mimi siinunui hata nikipewa bure. Cha tatu skrini yake ilikuwa ya ukubwa wa kiganja, ya rangi, vitufe vyake vinabonyea vizuri, na nyuma ulitoka waya wa umeme wa betri na waya mwingine mrefu mweusi ulioishia kwenye kichwa cha plastiki, kama kiatu cha mtoto.

Nilipokiona kile kichwa nilikinyakua. Kila fundi analijua jicho la dishi, kile kidude kinachokaa mbele ya sahani kupokea mawimbi. Nikajiambia, hili ni jicho. Kuna mtu mwenye akili huko Ulaya amekaa akafikiria mateso yetu, akatengeneza jicho na televisheni yake ndogo, fundi apande navyo juu, ajionee picha mwenyewe, asimpigie mtu kelele.

"Hii ni ya nini?" nilimuuliza muuzaji, ili kumpima.

"Jipiiesi ya kisasa hiyo," akasema. "Inaona kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Wewe si fundi? Unajua mwenyewe."

Nilitega mtego, naye akatega wake, na aliyenasa ni mimi. Nilinunua bila hata kuomba kiwashwe.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kuanzia leo apumzike, nimepata wa kuniambia imekuja. Alisimamisha cherehani.

"Nani?"

Nikamwonyesha. Aliitazama ile mashine, akaniuliza kama itakuwa pia inanipandishia maji ya kunywa huko juu ya paa. Mimi nilikuwa naunganisha betri ya sola. Skrini ikawaka. Likatokea eneo la bluu, chini yake mstari wa kahawia, halafu, taratibu kabisa, wakaanza kupita samaki. Samaki wadogo, samaki wakubwa, kila mmoja na namba yake. Juu kwenye kona paliandikwa kina cha maji, futi thelathini. Mashine ilikuwa juu ya meza ya cherehani.

Mwanamume akishajisifu mbele ya mkewe harudi nyuma hivi hivi. Nikakohoa, nikasema kwa sauti ya mtu aliyekusudia toka mwanzo kwamba hii ni mashine ya kuonea samaki.

"Samaki wa wapi?"

"Wa chini."

Mke wangu aliinama akachungulia chini ya meza. Palikuwa na kandambili zake na kikapu cha vitambaa. Akainuka, akaushika ule waya mweusi, akauchomoa. Samaki wakaendelea kupita kama kawaida, tena akapita mmoja mkubwa kuliko wote.

"Huu ni mkanda," akasema.

Alikuwa amepatia. Mashine hizi huwekewa onyesho la kuwavutia wateja dukani, na usipolizima zitakuonyesha samaki hata ukiwa juu ya mlima. Lakini siku ile sikuwa najua. Nilimwambia samaki wako mbali kidogo.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, "Yaani umeona heri ununue kitu cha kukuambia imekuja, kuliko kuniambia mimi ahsante." Akaanza kukunja nguo zake. Akasema anakwenda kwa mama yake, upande wa Chinongwe, na siku mashine itakapomwonyesha mama yake samaki wa kweli, samaki mwenye magamba, mama akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nimemwona, siku hiyo atarudi.

Asiyetujua ataona hilo ni sharti jepesi. Kijijini kwao kuna lambo, bwawa la kukinga maji, na mama yake ana mtumbwi. Lakini mimi na mama mkwe tulikuwa hatutazamani. Dini haikutuagiza hivyo, ni mila zetu tu, na siku hizi wengi wamezilegeza, ila yeye hakulegeza hata uzi. Miaka yote hiyo ya ndoa nilimjua kwa miguu na kwa sauti. Nikifika kwake nilikomea mwisho wa uwanja, nikachuchumaa na uso chini, nikaamkia. Tukikutana njiani mmoja aliingia porini kumpisha mwenzake, na mmoja huyo nilikuwa mimi, na mapori ya kule yana upupu. Neno lake kwangu lilipitia kwa mke wangu, "mwambie mumeo", na langu kwake vilevile, "mwambie mama", hata kama tunatenganishwa na ukuta mmoja wa udongo na kila mtu anamsikia mwenzake anavyopumua. Sasa mke wangu alitaka watu hao wawili watazame skrini moja ya ukubwa wa kiganja. Alijua anachokifanya.

Nilijikaza kwa wiki kadhaa. Nilipika ugali ukatoka na madonge. Kazini nikarudi kutegemea wateja. Mmoja alinijibu imekuja, tena kwa furaha, nikakaza nati zote, nikashuka na ngazi yangu, nikakuta anatazama mkanda wa harusi ya dada yake. Siku ile niliketi kwenye ngazi nikamkumbuka mke wangu mpaka macho yakaniwasha. Nilimtaka arudi. Sikutaka kingine chochote, na kama njia ya kumrudisha ilipita kwenye maji, basi nitakwenda kwenye maji. Nikaibonyeza ile mashine kitufe kimoja kimoja mpaka nikaupata ule mkanda wa dukani na kuuzima. Skrini ikawa tupu. Nilifurahi kuiona tupu, maana angalau sasa ilikuwa inasema kweli.

Nikaifunga kwenye pikipiki pamoja na betri, nikapita Ruangwa, nikashika barabara ya vumbi mpaka kwao.

Mke wangu alikuwa uwanjani anachambua mboga.

"Umekuja na mwenzako," akasema, akiitazama mashine.

"Mwambie mama nimekuja kumwonyesha samaki."

"Mwambie mwenyewe. Mimi kazi ya kupeleka maneno nimeacha."

Nikachuchumaa mwisho wa uwanja. Nikaamkia, nikaitikiwa kutoka nyuma ya mlango, basi. Baada ya hapo hatukuwa na mdomo wa kutusemea. Nikakohoa. Ndani akakohoa. Nikakohoa tena, akakohoa tena. Mke wangu aliendelea kuchambua mboga, mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Mwishowe sauti ya mama mkwe ilitoka, ikiongea na kuku aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Wewe kuku, huyo mgeni kama anataka mtumbwi, mtumbwi upo. Ila watu wote wamekwenda kupuliza salfa mikorosho yao. Wa kusukuma nipo mimi tu."

Kuku hakunifikishia, lakini nilikuwa nimesikia.

Mama mkwe alikuwa na sababu zake za kukubali. Kikundi chao cha wanawake kilipandikiza vifaranga vya perege lamboni, na tangu hapo hakuna aliyejua kama wamekua au wameliwa na kambale. Nadhani pia alichoka kumwona binti yake amenuna kwenye uwanja wake. Kesho yake asubuhi tukaingia mtumbwini. Mimi nikakaa mbele na mgongo wangu nikampa yeye, jambo ambalo kwa mkwe ni heshima. Yeye akasimama nyuma na pondo refu. Katikati yetu, juu ya sakafu ya mtumbwi, tukaweka betri na mashine, skrini ikitazama kwake. Akasema bismillahi akatusukuma.

Kile kichwa cheusi nilikuwa nimekifunga kwenye ufito kwa mpira wa tairi. Nilikifunga kikitazama juu. Naomba msomaji asinicheke haraka. Maisha yangu yote mawimbi yametoka juu. Sijawahi kuona picha ikitoka ardhini. Nikaushika ufito, nikauelekeza upande ambao madishi yote ya Nachingwea yanaelekea, na kwa mazoea ya miaka, bila kufikiri kabisa, nikauliza kwa sauti ya paani:

"Imekuja?"

"Bado," ikajibu sauti nyuma yangu.

Nikalaza ufito kidogo. "Sasa?"

"Bado. Pana vistari tu."

Nikauzungusha pembeni, bado. Nikaendelea kuuzungusha, mkono ukachoka, kichwa kikatumbukia majini kikitazama chini, na kabla sijauliza nikasikia neno moja fupi na la uhakika:

"Imekuja."

Hapo ndipo nilipojua mke wangu alikitoa wapi kipaji chake. Na hapo hapo ndipo sote wawili tulipogundua tumefanya nini. Pondo lilisimama. Mimi nikakodolea maji macho. Nyuma yangu nikasikia astaghfirullah ya chinichini. Ukingoni mke wangu aliweka mkono juu ya macho akaita, "Nani huyo anajibu?"

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Alitafuta njia, akasema, "Wewe mashine, mwambie huyo fundi jua linaniumiza, sioni kitu."

"Mashine," nikasema, "mwambie mama afunike kwa kanga."

Basi mashine ikawa mshenga wetu. Mama mkwe akaivua kanga ya juu, akaitundika juu ya skrini akatengeneza kibanda kidogo cha giza. Yeye akaingiza kichwa akatazama, akatoka. Mimi nikageuka kwa kurudi kinyumenyume, nikaingiza changu, nikatoka. Tukawa tunapokezana kama wapangaji wenye choo kimoja. Mwanzoni skrini ilijaa vitone tele, kama mtama ulioanikwa. Ukali wa mashine ulikuwa umewekwa juu mno, ikawa inahesabu kila uchafu unaoelea. Niliulegeza polepole, kwa mkono uleule ninaotafutia setilaiti, mpaka maji yakatakata. Kina kikasomeka futi kumi na kitu. Na hapo chini, juu ya tope, akatokea samaki.

"Mashine," akasema mama mkwe kutoka ndani ya kanga, "huyo ni samaki?"

"Mashine, mwambie mama ndiyo. Tena mkubwa." Kichwani nilikuwa nimeshaanza kumpakia mke wangu kwenye pikipiki.

"Mbona hatikisiki?"

"Mwambie mama amelala."

"Jua lote hili?"

Akarudisha mtumbwi nyuma, akalishusha pondo pale pale. Likagonga. Mlio wake ulikuwa wa mti, mkavu.

"Mwambie fundi samaki wake mgumu," akasema.

Tukasogea. Samaki mwingine. Pondo likagonga. Tukasogea tena, umbali uleule, samaki wa tatu, pondo likagonga. Mimi roho ilianza kunishuka, maana niliona safari yangu ya kurudi na mke inageuka kuni. Nikaanza kumweleza mshenga kwamba mashine bado inahitaji kurekebishwa, kwamba kila kitu kilichosimama inakipa sura ya samaki. Mama mkwe hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anapima umbali kwa macho. Akatusukuma mbele kidogo, akasema taratibu, "Hapa sasa hapana kitu. Wa hapa ulikufa kwa mchwa."

Niliingiza kichwa kwenye kanga. Chini palikuwa tambarare, hapana kitu.

"Sasa upo mmoja ulioinamia kushoto."

Tukasogea, ukatokea.

Aliiambia mashine yote, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kimwera. Kabla ya lambo, bonde lile lilikuwa shamba lake na marehemu mume wake. Walilifyeka wakiwa vijana, wakapanda mikorosho kwa kamba ili mistari inyooke, na marehemu alikuwa mtu wa kamba kweli, mche ukipinda anaung'oa. Kijiji kilipotafuta mahali pa kukinga maji, hapakuonekana pengine pa kufaa. Wakakubali, wakapewa shamba jingine kule juu. Mikorosho ikakatwa, vikabaki visiki, maji yakaingia. Marehemu akafa miaka michache baadaye. Tangu hapo mama mkwe alikuwa anapita juu ya shamba lake na mtumbwi, analijua liko chini, lakini maji ya lambo ni ya tope, hayaonyeshi kitu.

Nilitaka sana kugeuka nimtazame. Sikugeuka, ila mgongo wangu ulinielemea.

Tulipofika ukingoni mke wangu alikuwa anatusubiri amejishika kiuno.

"Mmeona samaki?"

Nilifungua mdomo kujitetea. Mama mkwe akaniwahi, akiwa ameinamia mashine. "Mashine, mwambie binti yangu bado. Kesho tunarudi tena."

Tukarudi kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Mimi niliyekuja kuchukua mke nikawa mkazi wa kwa mke, nalala chumba cha nje, nakula mboga za mama mkwe. Wazee wa ukoo wake wangefurahi, maana zamani ndivyo mwanamume alivyopaswa kukaa. Asubuhi mama mkwe alikuwa mtumbwini kabla sijanawa uso. Betri alikuwa ameshaichaji kwenye sola yake, na waya ameusuka vizuri kuliko ninavyousuka mimi. Hilo nalisema kwa uchungu.

Ndipo akaigundua ramani. Mashine ilikuja na ramani za maziwa ya mbali, ya nchi za baridi, na kwayo sisi hatukuwepo duniani: mtumbwi wetu ulikuwa mshale mdogo katikati ya eneo jeupe. Lakini kila tulipopita mshale uliacha mstari, na ukitaka unaweza kubandika alama. Alama zilikuwa nyingi. Palikuwa na nanga, chupa, fuvu la mtu, samaki, na mti. Alitaka mti. Nilimweleza mshenga kwamba mti wenyewe ni kama msonobari, haufanani na mkorosho hata kidogo. Akajibu kwamba mashine imetoka ughaibuni, itajuaje mkorosho. Basi tukawa tunapanda. Kila kisiki tulichokipata nilibonyeza, mti ukaota, na mstari wa marehemu ukaanza kuonekana kwenye lile eneo jeupe, umenyooka.

Huku majini palikuwa na raha. Huku nchi kavu hali ilikuwa mbaya. Mke wangu alipika peke yake, akafagia peke yake, na kutwa alisikia sauti zetu zikivuka maji. "Imekuja?" "Imekuja." Jioni moja aliweka bakuli la kisamvu mbele yangu kwa nguvu kidogo.

"Mama anachelewa kujibu," akasema. "Nimesikia leo. Unauliza, anakaa, ndio anajibu."

"Hachelewi," nikasema, kwa kuwa ndiyo kweli.

Bakuli liliondoka kabla sijamaliza.

Usiniulize kwa nini sikumwambia mama mkwe aseme tu kwamba kaona samaki, yaishe. Kwanza, perege walikuwepo, siku mbili tatu niliona vivuli vikipita ambavyo si visiki. Angeweza kusema. Hakusema, na mimi nilianza kuelewa kwa nini: siku akisema, mashine inaondoka nasi. Nilianza pia kuelewa jingine. Hasira ya mke wangu ilikwisha zamani, nilimwona anavyonichungulia akidhani sioni. Kilichomkalisha pale hakikuwa mimi. Alimtazama mama yake anavyoongea na kuku, akakosa namna ya kumwacha.

Asubuhi moja tukiwa tunasukuma mtumbwi, mke wangu alikuja amefunga kanga yake vizuri, akasema, "Sogea." Akakaa katikati, mbele ya skrini, akakunja mikono. Mama yake akasukuma. Mimi nikashusha ufito.

"Imekuja?"

"Imekuja," akasema mke wangu. Kweli, ilikuwa haraka kuliko ya mama yake.

Tukaenda mstari kwa mstari. Alikuwa hajaambiwa, alidhani bado ni habari ya samaki. Tulipofika kisiki fulani karibu na katikati, mama mkwe alisimamisha mtumbwi, akaegemea pondo. Hakuongea na mashine.

"Huu ndio niliokuwa nakulaza chini yake," akamwambia, "mimi na baba yako tukiokota korosho. Ulikuwa hulii, mradi uone majani yanacheza."

Mke wangu aliingia ndani ya kanga. Alikaa humo kwa muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema mwanga wa mashine ni mkali, nimeuweka vibaya. Nikasema nitaupunguza. Hakuna aliyetaja samaki mpaka tukarudi ukingoni.

Kesho yake nilimkuta mke wangu anafunga begi lake nyuma ya pikipiki kwa mpira.

"Tunakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nguo za watu zinaningoja."

"Na samaki?"

"Nani kaulizia samaki?" Akavuta mpira, akafunga fundo. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama jana usiku aliniambia niende. Kasema nikikaa hapa nitamsumbua, ana kazi."

Nilikwenda kuchukua mashine. Ilikuwa kwenye kigoda nje ya mlango, nikaanza kufungua nyaya za betri. Mlango ukafunguka. Mama mkwe alitoka akasimama uwanjani, hatua chache kutoka nilipochuchumaa, uso ameugeuzia upande wa mikorosho. Palikuwa na kuku, palikuwa na mashine, palikuwa na mke wangu. Hakuongea na yeyote kati yao.

"Mkwe."

Mikono yangu ilisimama. "Naam, mama."

"Hiyo niachie."

"Ni yako, mama."

"Na hao samaki wake," akasema, "wanaweza kuondolewa? Wananifunikia miti."

Nikapiga magoti, nikafungua menyu, nikatafuta palipoandikwa samaki, nikawazima wote. Nilipoinuka mke wangu alikuwa ameshapanda pikipiki, akaniambia tufanye haraka jua lisije likawa kali.